Nota Niliyoinyamazia

Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, mkesha wa Pentekoste, nilikuwa sebuleni kwangu Chang'ombe nikipiga pasi sare ya kwaya, kitenge cha zambarau kisichotaka moto mkali, binti wa sauti ya kwanza alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ukae."

Alikuwa ametoka zamu kiwandani, kitambaa cha kazi kikiwa bado kichwani. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amesafiri kwenda kuzika mkoani, na alikuwa ameniachia kazi moja tu: nimsikilize binti huyo kabla ya ibada ya kesho yake. Zamu zilikuwa zimemkosesha mazoezi, na wimbo alikuwa ameushika kwa kusikiliza sauti za wenzake kwenye simu.

Sehemu aliyopaswa kuimba peke yake ingekuwa yangu. Kwa miaka mingi sehemu za namna hiyo zilikuwa zangu, hadi Pasaka ya mwaka huo, sauti yangu ilipopasuka katikati ya neno mbele ya usharika mzima. Mwalimu, kijana mwenye adabu, aliniambia tu, "Mama, tuipumzishe sauti kidogo." Wanawake wa sauti ya pili, wale waimbao chini yetu, hawakuwa na adabu hiyo. "Karibu bondeni, mama," mmoja alinitania huku akipiga makofi. "Huku hatupandi mlima, na chai tunakunywa!" Nilicheka pamoja nao. Sikuhamia.

Binti akaimba. Sauti yake ilipanda bila juhudi, kama mtu anayeingia chumbani kwake mwenyewe. Kisha, kwenye nota ya juu kabisa, palipoandikwa ta, yaani ti iliyoshushwa nusu hatua, akaimba ti yenyewe. Tofauti yake ni ndogo mno, lakini mwalimu, aliyeutunga wimbo ule, aliishusha nota hiyo makusudi, na kinanda hutulia hapo hapo. Kesho yake sauti na kinanda vingegombana, na hata asiyejua kusoma nota angesikia kitu kimekwaruza.

"Vipi, mama, nimepatia?"

Sikuinua macho kutoka kwenye pasi. "Umepatia, mwanangu."

"Afadhali! Mie pale juu huwa napaogopa. Mungu akubariki, mama."

Nimewahi kuwafundisha wanawake wenzangu somo la majaribu, nikiwaonya kwamba yana sura nyingi. Hili lilinijia katika sura ya neno la kumtia mtu moyo, na nilikuwa nimekwisha kulitamka kabla sijalitambua. Alipoondoka nilipiga magoti kando ya kochi nikamwomba Mungu aniondolee wivu. Katikati ya sala nikagundua kwamba nilichokuwa nikiomba ni koo langu lipone. Niliinuka bila kusema amina.

Asubuhi nilimsubiri kwenye ngazi za kanisa.

"Ile nota ya juu," nilimwambia, "usiipandishe sana. Ni ta, si ti. Hivi." Nikamwimbia polepole, kwa sauti yangu iliyochakaa.

Akairudia, akapatia mara moja. Kisha akanitazama. "Sasa jana si ulisema nimepatia?"

"Nilikosea."

"Ah, mama! Uzee huo!" Akacheka, akanishika mkono tukaingia ndani.

Hivyo nilimwambia kweli moja nikiwa nimeifunika kwa uongo mwingine. Bado nilijifariji kwamba jaribu limeshindwa. Ibada ikafika kwenye wimbo wetu. Nilisimama nyuma yake, nikiyaona mabega yake yakiinuka kuvuta pumzi, na nilipotambua nota ile imekaribia, moyo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukatamani asahau.

Hakusahau. Iliteremka pale pale ilipotakiwa, kinanda kikaipokea, na wanawake wakapiga vigelegele. Mdomo wangu uliendelea kuimba. Ndani yangu palikuwa na huzuni ya mtu aliyenyimwa kitu.

Nilikuwa nikiamini kwamba mtu akitenda lililo sawa, moyo humfuata hata kama ni kwa kuchechemea. Baada ya Jumapili ile nilifunga, nikaomba, nikamweleza mchungaji sehemu ya habari ile, naye akaniambia nisichoke kuomba. Sijachoka. Lakini kila Jumamosi, binti yule akifungua kinywa mazoezini, sikio langu hutangulia kutafuta kosa. Silitumi. Hujiendea lenyewe.

Mwezi wa saba, nilipokuwa nimekwisha kuhamia sauti ya pili, nilimtumia barua hii:

"Mwanangu, ile Jumamosi nyumbani kwangu sikukosea. Nilisikia kwamba umekosea, nikakwambia umepatia, kwa sababu nilitaka uaibike mbele ya watu. Asubuhi yake nilikusahihisha, na hata hapo sikukwambia kweli yote. Naomba unisamehe. Sikuandikii kwa kuwa nimepona. Nimeomba, na wivu bado upo. Hata wiki iliyopita ulipoimba niliusikia. Nimehamia huku bondeni, wala si kwa unyenyekevu: huku sikuoni ukivuta pumzi. Endelea kuimba. Na siku nyingine nikikwambia umepatia, tafadhali, mwanangu, muulize na mwingine."