Mkono wa Kijani wa Nahodha Orrin

Tangu mwaka 1979 Etelka Bodnar alijua kwamba mkono ule ulikosewa, na kwamba aliyeukosea ni yeye. Hakumwambia mtu. Mumewe alikufa bila kujua, na binti yake, aliyehamia Ohio, hajui hadi leo ila kama amesikia kwa watu. Mimi nimepanga ghorofa ya juu ya nyumba yake hapa Bridgeport kwa miaka kumi na minane. Aliniambia asubuhi ya ile Jumamosi ya filamu, tukiwa jikoni kwake, huku akifunga vifungo vya koti ambalo halikuhitajika, maana nje kulikuwa na jua.

"Leo nitasema," alisema. "Nina miaka sabini na minane. Nikingoja tena nitasemea kaburini, na kule hawana kipaza sauti."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Katika kiwanda cha kutayarisha rangi za majarida ya katuni alikofanya kazi, walikaa wanawake ishirini na wawili kwenye meza ndefu, kila mmoja na brashi yake. Picha za katuni zilikuja kutoka New York zikiwa na mistari myeusi mitupu, pamoja na mwongozo wa rangi. Kazi ya wanawake ilikuwa kuzitenganisha rangi hizo: karatasi moja angavu ya plastiki kwa manjano, nyingine kwa nyekundu, nyingine kwa buluu. Ngozi ya Nahodha Orrin, shujaa wa katuni hizo, ilikuwa manjano hafifu juu ya nyekundu hafifu, kwa hiyo uso wake ulipakwa mara mbili, kwenye karatasi mbili. Lakini mpakaji mwenyewe hakuona rangi yoyote. Karatasi zote zilipakwa wino uleule mzito wa kahawia, na rangi zilizaliwa baadaye, kwenye mtambo wa kuchapia. Wanawake wale walipaka anga na damu na macho ya malkia kwa kahawia, siku nzima, miaka nenda miaka rudi.

Ijumaa moja ya mwezi Machi Etelka aliupaka mkono wa kushoto wa Orrin kwenye karatasi ya buluu badala ya karatasi ya nyekundu. Manjano na buluu. Jarida lilipotoka, nahodha alikuwa amepiga magoti ndani ya chombo chake kati ya nyota, amemfumba macho ndugu yake aliyekufa, na mkono uliomfumba ulikuwa kijani kama jani changa la letasi. Kwenye ukurasa uliofuata mkono ukarudi kuwa wa kawaida.

Msimamizi hakuona. Etelka aliona, akaingoja barua ya kufukuzwa kazi.

Zilizokuja ni barua za wasomaji. Mashabiki wa katuni ni watu wa ajabu. Ukiwapa ukuta wenye ufa watakueleza ni nani aliyeupasua na alikuwa akikimbia nini. Watoto wa Iowa, mabaharia, mwalimu mmoja wa kemia, wote waliandika kueleza sababu ya mkono ule, na wachapishaji wakazitoa barua hizo kwenye kurasa za nyuma. Iliyoshinda ilitoka kwa msichana wa Manitoba. Alisema kwamba kwa watu wa sayari ya Orrin msiba hauonekani machoni. Huonekana kwenye mkono uliomgusa maiti mara ya mwisho, kwa muda wa pumzi chache, kisha huzama ndani na kubaki humo. Watunzi wakaipenda. Mwaka uliofuata wakaiandika kama kweli. Baada ya miaka kumi hapakuwa na shabiki wa Orrin asiyejua mkono wa msiba.

Kama jambo lingeishia hapo, Etelka angekaa na siri yake kwa amani. Tatizo lilikuwa Dwight Lemoine.

Dwight ana duka la katuni karibu na pale Etelka anaponunua mkate. Ni mtu mpana, wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Miaka sita iliyopita Etelka alisimama mbele ya kioo cha duka akitazama majarida ya zamani, Dwight akatoka kumkaribisha, naye akasema bila kufikiri, "Hizi nilikuwa nikizipaka mimi." Dwight nusura apige magoti barabarani. Tangu siku hiyo humfungulia mlango, humwita Bi Bodnar, na humpa kiti chake mwenyewe. Kwenye mgongo wa mkono wake wa kushoto, kuanzia vifundo vya vidole hadi kwenye kifundo cha mkono, Dwight amechorwa tatuu ya kijani kitupu. Alichorwa wiki aliyomzika kaka yake, Curtis, aliyekuwa akimnunulia Orrin kila mwezi kwa hela ya kufagia kwa kinyozi. Yeye Dwight ndiye aliyemfumba Curtis macho.

"Mtu mwingine angevaa pete," alimwambia Etelka siku moja. "Mimi nina huu. Ndiyo dini pekee niliyoielewa."

Filamu ya Orrin ilipotangazwa, Dwight alikodi ukumbi mzima wa sinema, saa tisa alasiri, akamwomba Etelka azungumze baada ya filamu. Akakubali kabla hajajua anakubali nini. Kisha hakulala vizuri kwa majuma matatu. Akinyamaza, angekaa mbele ya watu mia tatu akisifiwa kwa uongo. Akisema, mkono wa Dwight ungegeuka kuwa nini? Kosa la kiwandani, limechanjwa kwenye ngozi ya mtu aliyefiwa.

Tulifika mapema na bado foleni ilikuwa imezunguka jengo. Kila mtu alikuwa ameugeuza kijani mkono wake wa kushoto: kwa rangi ya maji, kwa soksi, kwa glavu za kuoshea vyombo. Mzee mmoja mwenye kifimbo alikuwa amevaa koti la nahodha lenye vifungo vya vifuniko vya soda.

"Bibi, mbona mkono wako mtupu?" kijana mmoja alimwuliza Etelka.

"Muache bibi wa watu," mwenzake alisema. "Pengine kaletwa kwa nguvu na wajukuu."

"Basi atatoka hapa analia, shauri yake."

Etelka akautia mkono mfukoni.

Ukumbini Dwight alimketisha katikati, yeye kulia kwake, mimi kushoto. Taa zilipozimwa watu walipiga kelele kwa kuona nembo tu, kisha wakanyamaza ghafla, na ule ukimya ulikuwa na uzito wa kitu kinachobebwa na wengi. Nimekaa makanisani ambamo watu hawakunyamaza hivyo. Bisi zilisahauliwa mapajani. Chombo kile tulichokijua kwa urefu wa kidole majaridani kilipita juu yetu kikubwa kama mtaa, polepole, dirisha baada ya dirisha, na nyuma yangu mtu mzima akasema kwa sauti ndogo, "Ndicho. Ndicho chenyewe," kama anayemtambua mtu kwenye kituo cha treni.

Ndugu yake Orrin alipokufa, hakuna aliyesogea. Nahodha akapiga magoti. Akanyoosha mkono, akafumba jicho la kwanza, akafumba la pili. Kwanza hayakutokea mabadiliko yoyote, nikahisi watu mia tatu wakiizuia pumzi moja. Kisha kijani kikapanda kutoka kwenye ncha za vidole, taratibu, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliinua mikono tu. Safu kwa safu, mikono ya kushoto ilipanda gizani, ya watoto, ya wazee, ya wanaume wenye ndevu waliokuwa wakilia bila kujificha, yote ikaoga mwanga uliotoka kwenye skrini. Dwight aliinua wake. Etelka hakutazama filamu. Aligeuka kwenye kiti akaitazama mikono ile, mdomo wazi, uso wake wote kijani. Miaka yake yote kiwandani alikuwa amepaka kwa kahawia vitu asivyoviona vikizaliwa.

Filamu ilipoisha majina ya waliofanya kazi yalianza kupanda, mamia kwa mamia, na desturi ya mashabiki ni kukaa hadi jina la mwisho, kwa heshima, na kwa sababu baada yake huwa kuna kipande kidogo kilichofichwa. Wawili walioinuka walizomewa: "Kaeni chini! Mnakwenda wapi, wageni nyie?" Wakakaa. Etelka aliyasoma yale majina midomo ikimcheza. Kiwandani kwao hakuna aliyewahi kuandikwa jina.

Kisha taa, meza, viti viwili, kipaza sauti. Dwight, macho mekundu, alimtambulisha kwa maneno marefu mno. Etelka alisubiri amalize.

"Ule mkono," alisema. "Nilikosea mimi."

Wachache walicheka, wakidhani ni utani.

Akawaeleza. Karatasi ya nyekundu, karatasi ya buluu, wino wa kahawia. Hakujitetea. Aliposema, "Hapakuwa na maana yoyote, nisameheni," sauti yake ilibaki imara, lakini hakumtazama Dwight. Dwight alikuwa ameushusha mkono wake chini ya meza.

Halafu yule mzee mwenye kifimbo akasimama.

"Subiri kwanza. Kurasa zile zilikuwa ishirini na mbili, na mikono ya Orrin ipo karibu kila ukurasa. Kwa nini ukosee pale tu? Pale penye maiti?"

"Sijui, bwana. Ilitokea."

"'Ilitokea' ndiyo nini? Hakuna kitu kinachotokea tu!"

"Wewe Gus, kaa, mama wa watu kasema kakosea!"

"Nimesikia kasema! Ninachouliza ni kilichomfanya akosee!"

Wakaanza kubishana, safu ya nne na safu ya tisa, wengine wakisema uchovu, wengine wakisema mkono una akili yake. Mmoja alidai kwamba Orrin mwenyewe alimchagua, akarushiwa bisi. Etelka aliwatazama kama mtu aliyevunja sahani akitarajia kipigo, akaona wageni wakigombania vipande. Nilimwona Dwight akisugua mgongo wa mkono wake kwa kidole gumba, pole pole, kama anayejaribu kama unafutika.

Msichana mmoja mwenye miwani, aliyekuja na glavu ya kuoshea vyombo, akainua glavu.

"Bibi, siku hiyo ulikuwa unafikiria nini?"

Etelka alifungua mdomo kujibu kwamba hakumbuki. Nikaona ikimjia.

"Nilikuwa ninacheka," alisema.

"Unacheka?"

"Ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na Rosalie, alikaa mkabala nami, Mungu amrehemu. Tukipaka, Rosalie alikuwa anasimulia, hatujali msimamizi. Siku hiyo alisimulia habari za mama mkwe wake. Nilicheka mpaka machozi yakanizuia kuona meza. Ndipo nilipochukua karatasi isiyokuwa ya mkono ule."

Alijishika mdomo. "Ndugu yake Orrin amekufa pale, na mimi nacheka. Ndiyo kweli yenyewe. Dwight, ndiyo kweli yenyewe, mwanangu."

Dwight aliinua kichwa. Watu wote walikuwa wakimtazama, maana mashabiki wa Bridgeport wote waliijua tatuu ile na waliijua sababu yake.

"Alisimulia nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Rosalie. Nina haki ya kujua, Bi Bodnar. Nimekivaa kijani hiki miaka thelathini na zaidi."

Basi Etelka akasimulia. Mama mkwe wa Rosalie alinunua bata bukini wa Krismasi, mzima, mwenye shingo ndefu, na dereva wa basi hakuruhusu wanyama. Mama akamfunga bata kwenye blanketi ya mtoto, akamvika kofia ya sufu, akapanda akimbembeleza. Kituo cha pili akapanda padri wao. Padri akakaa kando yake, akasema, Oo, mjukuu mpya! Sijambatiza huyu. Akanyoosha mkono afunue blanketi.

Etelka akanyamaza.

"Halafu?" ukumbi mzima.

"Halafu..." Akakunja uso. Alitazama dari, akatazama mikono yake. "Mungu wangu. Nimesahau."

"Bibi, hapana!"

"Nimesahau mwisho. Nakumbuka tulivyocheka. Mwisho wenyewe umepotea, na Rosalie hayupo."

Basi wakafanya lile wafanyalo watu hawa.

"Bata alimng'ata padri pua!"

"Hapana, hapana. Padri alijua tangu alipopanda. Alitaka kualikwa chakula!"

"Bata akatoa sauti, padri akasema, kafanana na babu yake!"

Walisimama, walirukiana maneno, mzee Gus akipiga kifimbo sakafuni ili asikilizwe. Etelka alicheka kwanza kwa adabu, halafu kwa mabega, halafu akashindwa, akaegemea meza. Dwight akavuta kipaza sauti kwake. Wakamwachia nafasi.

"Mnakosea wote," alisema. "Padri hakushtuka. Alilowesha vidole, akambatiza palepale kwenye basi. Akampa jina."

"Jina gani?" Etelka aliuliza, akifuta macho.

Dwight aliuweka mkono wa kijani juu ya meza, mbele ya watu wote.

"Curtis," alisema. "Kaka yangu alikuwa na shingo hiyohiyo."