Mwanamke Aliyekataa Kuonja

Mama yangu alivunjika nyonga akishuka kutoka soko la Kadutu, mwezi wa mvua, kwenye kile kinjia cha udongo mwekundu ambacho hata mbuzi wanakipita kwa adabu. Watu wakamrudisha nyumbani wamembeba juu ya mlango. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kitandani, na mimi nikawa mtu wa kukimbia: asubuhi namwosha, namwachia bugali ya baridi na maharagwe chini ya kitambaa, nashuka mpaka Ibanda kufundisha watoto wa mwaka wa pili, na alasiri napanda tena kilima roho mkononi, bila kujua nitamkuta vipi. Sikuwa na mume, na kaka zangu walikuwa mbali, wakituma salamu.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Asubuhi shuleni, kabla ya kufungua daftari, tuliimba na kucheza kwa ajili ya Chama, kile kimoja kilichotawala nchi. Majina yetu ya ubatizo, yaliyopigwa marufuku, tulikuwa tumeyaweka ndani kama nguo za sikukuu. Mtu ukisema neno baya juu ya bei ya chumvi, kwanza unageuka kuangalia nani yuko nyuma. Sisemi hivyo ili kujitetea. Mimi nilikuwa mtu wa kushuku hata kabla ya Chama kutufundisha.

Basi, wakati huo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa Shabunda, akakodi chumba cha mbao nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa Mrega, umri kama wangu, mwembamba, na mizigo yake yote ilienea kichwani mwake kwa safari moja. Mume wake alikuwa amefunikwa na udongo kwenye mashimo ya dhahabu, na ndugu za mume walikuwa wamemfungia mlango. Hayo tuliyajua kwa mwenye nyumba, maana yeye hakusimulia kitu.

Siku ya tatu alifagia uchochoro wote. Hakuishia kwake tu. Alifagia hadi mbele ya mlango wetu, kisha akazibua mfereji wetu uliokuwa umejaa takataka. Nikasimama dirishani nikimtazama, na moyo haukufurahi hata kidogo. Katika Kadutu hakuna anayezibua mfereji wa mwenzake bure. Siku za salongo, zile Jumamosi ambazo serikali ilitutoa wote na majembe, watu walikwepa hata mfereji wao wenyewe. Nikajisemea, huyu ametumwa. Huyu anapeleka habari kwenye Chama.

Nikaanza kupima maneno akiwa karibu. Lakini hakuwa na swali hata moja. Mjumbe asiyeuliza ni mjumbe wa namna gani? Basi nikapata sababu nyingine: alikuwa Mprotestanti. Jumapili alitoka na Biblia yake ndani ya mfuko wa karatasi, akarudi amechoka. Nikasema, aa, sasa nimeelewa, anavua roho. Anataka kumvuta mama aache rozari yake. Nikamwambia mama, akianza kukuhubiria, jifanye umelala.

Mama akajibu, "Hajaanza bado."

Na hakuanza. Wiki zikapita. Nikirudi namkuta mama ameoshwa, ameegemezwa kwenye mto, chungu chake cha haja kimemwagwa na kusuguliwa kwa majivu. Nikamuuliza nani, akasema, jirani. Kwa kweli niliona haya na hasira pamoja. Haya kwa sababu kazi ile ilikuwa yangu. Hasira kwa sababu sikuweza kumkataza, nani mwingine angeifanya? Nikawa nasema aksanti kwa mdomo, na macho yangu yanahesabu vyombo vyetu.

Halafu sahani zikaanza.

Ilikuwa sahani ya bati iliyofunikwa na nyingine, juu ya stuli karibu na kitanda. Ndani bugali na sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine na sambaza chache, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa vizuri. Nikashtuka kuiona, kisha nikapoa kukuta imejaa mpaka juu. Nikamwambia mama, "Vizuri, haukukula." Mama akafumba macho tu.

Lazima nieleze jambo hapa. Baba yangu alitoka kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa rafiki, akarudi akishika tumbo, na tukamzika baada ya miezi minne, amekauka. Watu wote walisema ni karuho, ile sumu inayoua taratibu mpaka aliyekupa anakuja kulia kwenye matanga yako. Kama ni kweli sijui. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyetuweka chini baada ya mazishi na kutukumbusha kawaida ya kwetu Bushi: mwenye kutoa anaonja wa kwanza, mbele ya macho yako. Akimimina kasiksi, anakunywa yeye kwanza. Akileta chakula, anamega yeye kwanza. Asipoonja, usile, hata kama ni dada yako.

Na sahani ile haikuwa imeonjwa na mtu mbele yangu. Nikaimwaga kwa nguruwe wa jirani wa chini, nikaiosha, nikairudisha mlangoni pake na kusema aksanti. Nikamkataza mama kugusa chochote kutoka mkono ule. Nguruwe hakufa. Nikajisemea kwamba karuho ya watu haishiki nguruwe.

Nilipoangalia vizuri nikaona kitu kingine. Sahani haikuja kila siku. Ilikuja Jumatano na Ijumaa, basi. Jumatatu hakuna, Alhamisi hakuna. Mtu mwema angeleta siku yoyote anayopata. Huyu alikuwa na siku zake, kama dawa ya mganga inavyokuwa na siku zake. Usingizi ukanipungua. Kila Jumatano na Ijumaa nilipanda kilima nikijua itakuwepo, na ilikuwepo, na nguruwe alinenepa.

Jumatano moja upepo uling'oa mabati ya darasa letu na mkurugenzi wa shule akaturudisha nyumbani kabla ya saa sita. Aliposikia hatua zangu yule mwanamke akatoka chumbani kwa mama, sahani iliyofunikwa mkononi. Aliponiona akatabasamu, akainyosha kwa mikono miwili, na goti akalikunja kidogo.

"Karibu, metresi," akasema, akiniita kama watoto wanavyomwita mwalimu wa kike. "Leo utakula ikingali moto."

Wanawake wanne au watano walikuwa kwenye bomba la uchochoro wakingoja maji. Nikaona hapa ndipo mahali. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Onja kwanza."

Tabasamu likaondoka. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Leo sitaweza, metresi."

"Mumesikia?" Nikawageukia wanawake. "Mumesikia wenyewe? Amekataa kuonja!"

Walisikia. Mmoja akavuta ndoo yake karibu na miguu. Yule mwanamke akairudisha sahani yake kifuani. Akarudi chumbani kwake. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nilikuwa nimengoja miezi kupatia.

Kufikia Alhamisi jioni avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa inafunika vyungu akipita. Bombani walimwachia nafasi pana, si kwa heshima. Mama wa mtoto aliyekuwa na homa akakumbuka kwamba mwanamke yule alimbeba mtoto wake juzi. Mzee aliyekuwa na jino bovu akakumbuka chai aliyopewa naye. Mwenye nyumba akasema hataki matata kwenye chumba chake. Chef wa avenue, kiongozi wa mtaa, mtu mzito aliyefunga vifungo vya abakosi yake, lile koti la Chama lisilo na tai, hadi kooni hata kwenye jua, akaniita Ijumaa asubuhi kuniuliza. Nikamweleza yote: sahani, siku zile mbili, nguruwe. Na ni mimi niliyempa shauri. Nikasema, leo Ijumaa ataleta tena. Mwite mbele ya watu ale. Akikataa, mmeshajua. Chef akakubali: akikataa, kabla ya jua kuzama atoke avenue yake.

Atoke aende wapi, sikujiuliza. Nilijua kwamba kwao amefungiwa mlango. Nilijua pia kwamba mjini mtu aliyefukuzwa kwa jina la karuho hapati chumba kingine, jina linamtangulia. Nilijua, na bado nilikwenda kutafuta kiti cha chef.

Saa kumi walimtoa nje na sahani yake. Uchochoro ulijaa. Chef akamwita mwananchi kwa Kifaransa cha Chama, "Citoyenne, kama chakula yako iko muzuri, kula tuone."

Alisimama. Akatazama jua, ambalo lilikuwa bado juu ya vilima, na mimi nikafikiri anapima kama anaweza kukimbia. Akafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Nikanong'ona kwa mwanamke wa karibu, "Anaaga dunia."

Kisha akaketi chini, akanawa, akamega bugali, akachovya sombe, akala. Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Alikula polepole, na machozi yalikuwa yakimshuka bila kwikwi. Watu wakasogea kuona.

Mzee wa jino akasema, "Hiyo si kitu. Karuho inakuwaka chini ya kucha ya kidole. Anatia ku chakula yako, ku yake hatii." Watu wakaanza kuguna, na chef akajikuna kidevu. Nilikuwa karibu kukubaliana na mzee. Ndivyo nilivyokuwa.

Hapo sauti ya mama ikatoka ndani, kupitia mbao za ukuta, kali kama zamani alipokuwa na miguu.

"Muache huyo mwanamuke! Miye njo nakulaka chakula yake, tangu mvua ya kwanza! Muniangalie kama nimekufa!"

Chef akasogea ukutani. "Maman muzee, binti yako anasema haukulake."

"Binti yangu anaonaka sahani imejaa, anafurahi. Ile ya kujaa haikuwa yangu, ilikuwa yake! Jumatano na Ijumaa huyu mwanamuke anafunga, hakule kitu mupaka jua inalala. Chakula yake ya siku hizo anakata mara mbili: yangu nakula palepale, ingine anamuwekea metresi, anasema anatoka kazini na njaa. Alinikataza kusema kama anafunga. Na mutu anamwaga mavi yangu kila siku, ataniulia na sombe juu ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama zile sahani mbili za bati chini, na nikawaza chakula chote nilichompa nguruwe: Jumatano zote, Ijumaa zote, chakula cha mtu aliyekuwa na njaa. Lile neno la Yesu juu ya kufunga bila kujitangaza, mimi ndiye niliyekuwa nalisoma kwenye shirika letu la Wakatoliki kila Jumatano ya Majivu, kwa sauti nzuri, na watu wananisifu. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu analifanya nyuma ya ukuta wangu. Na sasa, kwa shauri langu, tulikuwa tumemlazimisha avunje mfungo wake mbele ya uchochoro mzima.

Chef akasema kila mtu aende kwake. Hakuna aliyeomba msamaha, tuliachana tu kama watu waliotoka sokoni. Yule mwanamke akainuka, akanawa tena mikono, akaingia kwa mama, kwa sababu ilikuwa saa ya kumgeuza upande.

Nilimfuata, nikapiga magoti, nikasema nisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, metresi. Unishikie huu muguu yake."

Mwezi uliofuata nilikula chakula chake. Sitadanganya: tonge la kwanza koo lilikataa, na ilinibidi nilisukume kwa maji. Alinitazama na akaelewa, akamega, akala mbele yangu bila kuambiwa, maana ilikuwa Jumanne.

Lakini neno langu lilikuwa limekwisha kutoka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kulirudisha, watu wakanisikiliza vizuri, wakakubali, na alipopita wakafunika vyungu. Mwenye nyumba akamwomba kwa upole amrudishie chumba chake. Dada mmoja wa kanisani kwake akampatia chumba Kasha, huko mbele ya Bagira, na siku alipohama nilibeba godoro lake begani. Mama alilia kama mtoto, na mimi nilitoka mbele kuepuka kumsikia.

Tulitembea, yeye na vyungu vyake, mimi na godoro. Kwenye mteremko mmoja sikuweza kuvumilia tena, nikamuuliza sababu.

"Juu ya nini haukusema tu kama unafunga? Neno moja. Ningenyamaza."

Alipunguza mwendo. Hakukasirika, aliwaza kwanza, kama mtu anayetaka kujibu ukweli.

"Weye uliniambia nionje," akasema. "Chef akaniambia nikule. Hata mutu moja hakuniuliza juu ya nini."

Nikahamishia godoro bega la pili. Tulipanda mpaka Kasha, nikaliweka godoro lake kwenye sakafu ya chumba kipya, kisha nikampokea vyungu.