Kazi Yangu Ilikuwa Kubembeleza Wahadhiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utumishi Mkuu alinionyesha meza yangu, kisha akaniambia, "Binti, chuo kina wanataaluma na waendeshaji. Sisi ni waendeshaji. Akiondoka mhadhiri, darasa linafungwa. Ukiondoka wewe, tunatangaza nafasi." Niliitikia, "Ndiyo, mzee," lakini maneno yale yaliniuma, na nimestaafu yakiniuma.

Ninyi vijana mnaosomea utumishi mnadhani kazi ni kuajiri na kupanga likizo. Kwa chuo cha huku mlimani, kazi kubwa ilikuwa kuzuia watu wasiondoke. Ikama, yaani idadi ya watumishi tuliyoruhusiwa, haikujaa hata mara moja. Tulimsomesha mtu mpaka udaktari, akirudi tu, vyuo vya Dodoma vinamchukua.

Dakta Elinami tulianza naye kazi wiki moja. Alipocheleweshewa cheo alinuna, akaanza kufungasha. Mkuu wa Chuo akaniita. "Mama Aika, nenda kwake Njoro. Ukishindwa, kozi yake imekufa."

Nilichuma jani la sale, ambalo kwetu Uchaggani mtu akiletewa kuombwa radhi ni vigumu kukataa, nikambembeleza mchana kutwa. Akabaki. Cheo akapewa. Mimi nikaambiwa muundo wa waendeshaji hauna nafasi juu yangu. Nilimwonea wivu, sifichi. Nikimwona anacheka na wenzake nje ya maktaba, nilikuwa nageuza njia.

Umri wa kustaafu ulipofika, yeye akaongezewa mkataba. Mimi nilingoja mtu aje aseme hata, "Mama, kaa kidogo." Nikafanyiwa sherehe. Elinami akatoa hotuba nzuri ya kunisifu, nikazidi kumchukia.

Miezi michache baadaye nikiwa napalilia kahawa, simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa Chuo wa sasa, kijana niliyemwajiri mwenyewe. Nikaweka jembe chini. Nikajua wamekwama, wananitaka. Nikapanga kukataa kwanza, ili na mimi nibembelezwe.

"Shikamoo, Mama Aika. Dakta Elinami anataka kuondoka tena. Tunakuomba ukaongee naye."

"Marahaba. Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje, Mama?" aliuliza kwa upole kabisa.

Hakuelewa, na sikumweleza. Nilikwenda. Elinami anafundisha mpaka leo, na kila tukikutana mjini ananishukuru, nami natamani siku ile angenikatalia.