Ini la Heche

Mtoto wa tatu wa kiume wa Ghati alikataa titi siku chache baada ya kuzaliwa, kama kaka zake wawili waliozikwa nyuma ya nyumba pale Kemambo. Safari hii Ghati hakungoja. Alimfunga Heche kifuani, akapanda bodaboda hadi Mugumu, na huko wakapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Mwanza.

Nyumbani mchawi alikuwa ameshapatikana: Kezia, mke mkubwa wa Zablon, mume wa Ghati, aliyezaa mabinti watupu. Mvulana wa pili wa Ghati alipofariki, mama mkwe alishinikiza nyumba ya Kezia ibomolewe. Kezia akarudi kwao Genkuru na sufuria zake kichwani.

Huko Mwanza daktari alipima damu ya Heche, kisha akamketisha Ghati.

“Mama, maziwa yana protini. Mwili ukiivunjavunja, hutoka sumu inayoitwa amonia. Kwenye ini kuna kimeng’enya kinachosaidia kuigeuza ili itoke na mkojo. Cha huyu mtoto hakifanyi kazi. Amonia imefika kwenye ubongo.”

“Kwa hiyo maziwa yangu ndiyo yanamuua?”

Daktari akauliza, “Wewe nyama unakula?”

“Nikila nyingi natapika, kichwa kinapasuka. Ukweni wananicheka.”

“Basi na wewe unao upungufu wa kimeng’enya hicho, ila kidogo. Wavulana ndio wanaoupata mzima mzima. Umeurithi, mama, na wanao wameupata kwako. Si kosa lako.”

Heche alikata roho kesho yake.

Msibani mama mkwe alisema kwa sauti, “Kezia ametufuata hata Mwanza.” Vijana wakaanza kunong’onezana habari za kwenda Genkuru na mapanga. Ghati angeweza kukaa kimya. Akasimama.

“Mwacheni Kezia. Daktari amesema ugonjwa umetoka kwangu. Wote watatu.”

“Unajua unachosema?” Zablon akamuuliza.

“Najua.”

Hakuna aliyekwenda Genkuru. Ila chakula alichopika Ghati hakikuliwa tena, na kabla ya mavuno Zablon alipeleka ng’ombe kwa wakwe wengine. Ghati akamchukua binti yake, Nice, akaondoka. Kabla ya kwenda kwao alipita kwa Kezia, akamsimulia yote, habari za ini na amonia, akiwa amesimama uani.

Kezia alisikiliza huku akipukuchua mahindi.

“Na nyumba yangu,” akauliza, “wataijenga?”

Kezia akavuta hindi lingine.