Fundo kwenye Kona ya Kitenge

Ti, ti, ti. Kimashine kilichobana kidole cha mtoto wa dada yangu kililia hivyo, kwa sauti nyembamba, kama kifaranga aliyeachwa nyuma. Bado naisikia hata nikiwa sokoni Kalerwe, mikono imejaa nyanya na wateja wananipigia kelele.

Mtoto alikuwa na miaka sita, na kidole tumbo kilimsumbua. Dada alikuwa amejifungua juzi tu, kwa hiyo mtoto tulimpeleka hospitali mimi na shemeji, baba yake. Shemeji ni askari, mtu wa kaskazini mwa nchi hii. Mimi na dada tumetoka Kenya, ndiyo maana pale kambi ya jeshi nyumba yetu inaongea Kiswahili, kila mtu na chake.

Daktari wa usingizi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alitueleza. Wangepitia matundu madogo, wajaze tumbo hewa, waingize kamera. Mtoto akishalala angepewa dawa ya kulegeza misuli, ili tumbo lisikaze wala asikohoe vyuma vikiwa ndani.

"Na misuli ya kupumua nayo italegea," akasema. "Mashine itampumulia. Tukimaliza, tunampa dawa ya kurudisha nguvu."

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye kamera. Nilishajiona nimevaa zile nguo za kijani, natazama matumbo ya watu kwenye televisheni. Shemeji ndiye aliyesikia yote.

"Musawo," akamwita daktari, "usilegeze yeye. Kata hivyo hivyo."

"Haiwezekani, ssebo," daktari akamjibu kwa heshima.

"Mimi nilishika watu mkono kwa vita. Mkono ikilegea, hairudi."

"Huu utarudi. Wale hawakuwa na mimi."

Shemeji alitia sahihi, lakini kuingia chumba cha upasuaji akakataa. Akanisukuma mimi.

Mtoto aling'ang'ania kitenge changu. Nikapiga fundo kwenye kona, nikampa. "Shika hili. Ukiamka utalikuta."

"Na usikimbie, mama mdogo. Wewe ukiona mende tu, mbio!"

Wakamwekea barakoa usoni. Akavuta, akavuta. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, fundo likadondoka. Nikatolewa nje. Shemeji nilimkuta anakitazama kiganja chake, na sikumwambia nilichoona.

Walipotuita walisema upasuaji umekwenda vizuri. Mtoto alikuwa amefumbua macho nusu. Nesi akamwambia, "Nishike mkono, baba." Vidole vikatetemeka tu. "Haya, inua kichwa." Kichwa hakikuinuka. Alikuwa ananitazama mimi, macho yamejaa maneno, mdomo haumsaidii. Kifua kilipanda kidogo, kikashuka, kikasita.

Ndipo ti ti ile ya kimashine ikaanza kuteremka, hewa ikimpungua. Kila mlio ulikuwa mzito kuliko uliotangulia, kama mtu anashuka ngazi kwenda pasipo na taa.

Shemeji alirudi nyuma mpaka ukutani. "Nilisema," akanong'ona. "Mimi nilisema."

Daktari wa usingizi alikuja mbio, ndara zinapiga sakafu. Akamwinua kidevu, akambana barakoa, akaanza kuminya mfuko wa hewa kwa mkono wake. "Dawa bado imemshika. Ongezeni ile ya kurudisha." Akaminya. Akaminya. Mlio ukapanda ngazi moja, ukasimama hapo hapo. Kisha ukapanda nyingine.

Nililiweka fundo kwenye kiganja cha mtoto. Halikushikwa. Nikakifunga kiganja kwa mkono wangu, nikangoja, hata kuomba nikasahau.

Kitambaa kikavutwa. Kidogo, kisha kwa nguvu, karibu kitenge kinivuke kiunoni mbele ya watu.

Barakoa ilipoondolewa, sauti ilimtoka imekwaruzika. "Hukukimbia."

Shemeji alikuja polepole, akatia kidole chake kwenye mkono wa pili wa mtoto, akasimama hivyo mpaka nesi akamfukuza.

Jioni nilienda kwenye bomba la nyuma, wanapofulia ndugu wa wagonjwa, nikafue kile kitenge. Hapakuwa na mtu. Fundo lilikuwa bado limekaza. Nikalishika mkononi, nikafungua vidole kimoja kimoja, kama vile vya mtoto alipolegea, likadondoka kwenye maji.

Nikaliokota haraka, nikalifumbata.