Siku Mama Alipokataa Kuvua Shanga

Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba cha daktari wa ngozi pale Lodwar: hapo ndipo mama alipokataa kuvua shanga.

Tulikuwa tumetoka Kakuma alfajiri. Kule zahanati walimpa mama dawa ya choa, wakabadilisha wakampa nyingine, na kidonda cha shingoni kikazidi kutoa usaha. Daktari, kijana tu, alibonyeza uvimbe chini ya taya, akasema huenda ni TB. Mimi nilijua TB ni ya kifua tu.

"Hata ngozi inashikwa," akasema. "Lakini siwezi kubahatisha. Nitakata kinyama kidogo kikapimwe. Shanga zitoke zote."

Kwetu Waturkana, mwanamke huvua shanga zake mumewe akifa. Baba alikuwa hai, malishoni upande wa Lorugum.

"Mwambie huyu mtoto sijazika mume," mama akaniambia.

Nikatafsiri kwa sauti ndogo. Neno mtoto nikaliacha.

"Mama, mzee hatumtaki," muuguzi akacheka. "Tunataka shingo."

Mama akasimama aondoke. Nilijua akitoka harudi. Na kile kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Usiku nilikuwa nalala nimempa mgongo. Nikampigia baba, mimi ambaye hata kumtazama usoni naona haya. Hapatikani. Nikarudia. Hapatikani.

"Unaona?" mama akasema, midomo imemkauka. "Ameshakufa."

Nikabonyeza tena. Ikaita.

"Ejok," baba akasalimu. "Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Ni mama, anatakiwa avue shanga akatwe shingo."

"Akatwe shingo?"

"Kinyama kidogo tu, baba!"

Mama akaninyang'anya simu. "Wewe, hebu kohoa nisikie."

Baba akakohoa, akatukana mbuzi fulani, akasema, "Vua, mwanamke. Nikifa utaambiwa."

Mama akaketi. Nilizifungua mimi, uzi baada ya uzi. Chini yake ngozi ilikuwa ya zambarau, imetoboka. Akadungwa sindano ya ganzi, kisha kisu. Mama hakulia. Alinibana mkono mpaka vidole vikafa. Tukalala kwa shangazi yangu hapo Lodwar.

Asubuhi yake tuliporudi, mashine ya maabara ilikuwa imejibu: TB. Inapona, muuguzi akasema, ila vidonge ni miezi sita bila kuruka, na mkojo ukiwa mwekundu kwa dawa asishtuke. Wa nyumba moja naye wote wapimwe.

Mama alipomeza vya kwanza, nikatoka uani nikampigia baba aje apimwe. Akaniuliza mbuzi atamwachia nani.

"Sijui," nikasema. "Baba, njoo."