Mursik Kabla ya Mashine

Asubuhi hiyo baba alikunywa mursik, na mimi nilimwona.

Tulikuwa tumelala Kapsoit kwa shangazi, dada yake baba, kwa sababu kutoka kwetu Mogogosiek hatungefika hospitalini Kericho mapema. Sista, muuguzi wa hapo, alikuwa ametuonya tangu tulipopewa hiyo siku ya kupimwa: mzee asile wala asinywe kitu mpaka apimwe. Lakini shangazi hawezi kuacha mtu atoke kwake hivi hivi. Alitikisa kibuyu, akamimina mursik, maziwa yale mazito ya kugandishwa yenye weusi wa mkaa, na baba akamaliza kikombe akiwa amesimama mlangoni. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Niko kidato cha tatu, na bado mwalimu akiita majina huwa anaandika sipo, na nimekaa mbele yake.

Baba alikuwa na limfoma, saratani iliyoanzia ndani ya ukuta wa tumbo. Mara ya kwanza walimpima kwa mrija mrefu unaopita mdomoni, una kamera, na kwenye ncha una altrasaundi ndogo inayoona ndani ya ukuta wenyewe, tabaka kwa tabaka. Daktari alitaka kujua ugonjwa umefika tabaka gani. Ulikuwa haujatoka nje. Akampa baba tembe za kuua bakteria wa tumboni, eti wao ndio wanaulisha ule uvimbe. Leo ilikuwa ya kuona kama umepungua. Kama umezidi kuingia, tungeanza kuongea habari ya kuliondoa tumbo. Na mashine haikuwa ya hapo. Daktari alikuwa mgeni, amekuja nayo, na jioni angeondoka nayo.

Kwenye benchi sikuweza kutulia. Nilienda chooni bila haja. Nilisoma bango la chanjo mpaka nikalijua lote. Sista alikuwa amesema tena kwamba mtu akilazwa usingizi na ana kitu tumboni, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Nikisema, watamfukuza baba na mashine iende. Nisiposema, je?

Sista akatoka. "Mzee, umekula kitu leo?"

"Sijakula," baba akasema, na uso wake ulikuwa safi kabisa.

"Amekunywa mursik," nikasema.

Nadhani nilisema kwa nguvu, maana benchi nzima iligeuka.

"Mzee!"

"Mursik si chakula," baba akasema. "Chakula ni kimyet. Nimekula ugali mimi? Uliza huyu, anajua kila kitu."

Mama mmoja wa kabila jirani, kutoka upande wa Chepilat, aliyekuwa anangoja mumewe, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi watu wa maziwa! Hata mbinguni mtaingia na kibuyu."

"Na nyinyi na ndizi zenu," baba akamjibu, lakini hakucheka.

Sista alirudi ndani. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikakosea, nikaanza tena. Alipotoka alisema baba atawekwa wa mwisho, mchana ukiwa umeenda na maziwa yameshuka, kama hakutatokea shida. "Na asiguse hata maji. Wewe msichana, mchunge."

Sisi sote tulijua shida ni gani. Kericho mchana ni mvua, na mvua ikija stima zinapotea.

Baba alihamia upande ule mwingine wa benchi. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Nyumbani nikikuuliza kitu unaangalia miguu. Leo mbele ya watu ndiyo umepata mdomo."

Niliangalia miguu.

Mvua ya mawe ilianza wakati walipokuwa wanamwita. Ilipiga mabati hata sikusikia walichomwambia. Mlango ukafungwa. Taa ya korido ikazima, ikawaka, ikazima. Nilisimama mlangoni nimeshika koti lake, bado lina harufu ya moshi wa kwa shangazi, na nikafikiria ule mrija uko ndani yake na giza. Halafu jenereta ikanguruma huko nyuma na mwanga ukarudi, wa manjano.

Daktari alitoka akanionyesha picha, sista akinitafsiria pale nilipokosa kuelewa. Mistari myeupe na myeusi, kama udongo uliokatwa kando ya barabara. Mara ya kwanza hapa katikati palikuwa pamevimba, mistari haionekani. Sasa mistari ilikuwa imeanza kurudi. Uvimbe ulikuwa umekuwa mwembamba. Haujaisha. Hatakatwa kwa sasa, lakini lazima apimwe tena mashine ikirudi, na tena baada ya hapo.

"Mpaka lini?" nikauliza.

Daktari akainua mabega.

Tulirudi Kapsoit baba akiwa bado anayumba kidogo kwa dawa ya usingizi. Nilipomwambia maneno ya daktari alisema tu "kongoi", na sikujua anamshukuru nani. Sista alikuwa amesema akishaweza kumeza vizuri anaweza kunywa. Shangazi hakungoja kuambiwa. Alikuwa tayari na kibuyu mkononi.

Baba alichukua kikombe, hakukipeleka mdomoni. Aliniangalia.

"Ulizeni huyu kwanza."

"Kunywa, baba," nikasema.

"Amesema nini?" shangazi akauliza. "Si huyu mtoto huwa haongei?"

"Anaongea," baba akasema, na akanywa.